Nywele za Pua Kabla ya Mahari

Miaka ya elfu mbili, nilichaguliwa msemaji wa ukoo wetu kwenye mazungumzo ya mahari kule Kinoo. Siku tatu kabla, nikaona unywele unachungulia puani. Nikaung'oa kwa koleo ya kutengenezea redio, tena koleo nzuri, niliachiwa na fundi mmoja wa mtaa wa Woodley. Machozi yalinitoka, lakini nilijiona kijana. Kesho yake pua ikavimba kama kiazi, nikaiminya. Jioni jicho nalo likaanza kujifumba.

Mke wangu akanikokota hadi kwa daktari, mtaani Hurlingham.

"Mzee, umeiminya?" daktari akauliza.

"Mimi? Hapana."

"Ameiminya," mke wangu akasema. "Mbele ya kioo, akiimba."

Daktari hakucheka. Alisema kuna bakteria wanaokaa puani mwetu miaka yote bila ugomvi, lakini mimi niliwafungulia mlango wa damu, na sasa wangeweza kupanda hadi kwenye ubongo. Hapo nikakiri yote, hata ile koleo. Nikalazwa, nikadungwa sindano mpaka uvimbe ukashuka.

Jumamosi, siku ya mazungumzo, binamu yangu alisema badala yangu. Mpaka leo anadai mazungumzo yalikwenda vizuri kwa sababu mimi na pua yangu hatukuwepo.