Kiredio cha Kujaribu Mpaka Mnada Ujao

Wadau, mnaweza msiniamini, ila kuna kiredio kibovu kiliwahi kunijazia banda mpaka watu wakakalia ndoo.

Tulieni niwape mkanda mzima.

Nauza chai na chapati hapa Mkiwa, njia panda. Mimi bila watu naumwa. Asubuhi ikipita sijapata wa kupiga naye umbea, kichwa kinagonga.

Sasa Marietha, mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, akaleta sabufa ya kupigia muziki. Madereva, bodaboda, wote wakahamia kwake. Nikabaki na inzi na Mzee Alute, ambaye naye masikio yameshachoka.

Siku ya mnada nikamkamata Enock, machinga wa redio. Akanitolea kidude chekundu cha kubeba mkononi, cha memori kadi, kina jina ambalo hata yeye alilitamka mara mbili likatoka tofauti.

"Kampuni gani hii, Enock?"

"Dada Martina, kwani kampuni unaenda kuila? Sikiliza besi!"

Besi ilikuwa kama mtu anakohoa ndani ya pipa.

"Kimeo hiki."

"Basi kaa nacho mpaka mnada ujao. Kikikushinda, nirudishie."

Nikakiweka mezani. Clement wa bodaboda alikuwa anapita zake, akakiona, akazima pikipiki.

"Usinunue, dada! Shemeji yangu wa Ihanja alinunua kama hicho, betri ikavimba kama andazi."

"Muongo huyo!" Mzee Alute akadakia.

Leo kasikia!

"Shikamoo, mzee," Clement akasema. "Ila redio za memori kadi unazijulia wapi?"

"Marahaba. Redio yoyote unaanza kwa kuinusa, kijana."

Akakinusa. Tukamkodolea macho wote, kama tunasubiri majibu ya hospitali.

"Kimeungua kidogo," akasema. "Lakini kina maisha."

We! Hapo ndo moto ukawaka. Nunua huku, usinunue kule. Na mtu akishaanza kubisha hanyanyuki, na akikaa lazima anywe. Chapati zikawa zinaisha jua halijapanda. Wa asubuhi wanarudi jioni na hoja mpya. Dereva mmoja wa lori la alizeti alisimama makusudi, akachungulia dirishani: "Mmeshaamua?"

Hata Marietha alivuka barabara! Akaagiza chai, akatuangalia weee, mpaka chai ikampoea. Nikajua kaumia.

Mnada ukafika. Nikajifunga kanga vizuri, nikasimama mbele ya kadamnasi.

"Enock, nakichukua."

Nikamlipa. Watu wakapiga makofi.

Wakanyanyuka.

Wakaaga.

Kesho yake hakuja mtu. Kidude kinakohoa, mimi na inzi tunasikiliza. Hata Mzee Alute hayupo! Nikatoka nje kumwangalia, isije kuwa kaanguka njiani.

Kumbe wako ng'ambo, nyomi! Sabufa imezimwa, imefunikwa kitenge. Mezani kwa Marietha pana taa ya sola. Enock kamwachia aijaribu mpaka mnada ujao.

Na Mzee Alute ndo anainusa.

Marietha akaniona, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Karibu, shoga. Bado hatujaamua."

Nilitaka kugeuza, haki ya Mungu. Miguu ilishaanza kurudi. Ila nikamsikia Clement anasema eti taa ile inakaa na chaji wiki nzima.

"Nani kakudanganya, Clement?" nikaropoka, huku navuta kigoda. "Marietha, niletee chai."

Funzo, ndugu zangu: ukishapata kitu cha watu kubishania, usiwe na haraka ya kuamua. Mimi nilidhani wateja wanafuata muziki, kumbe wanafuata pa kusemea. Nimelijua hilo nikiwa na kikombe cha Marietha mkononi, na nimeongeza cha pili.

Na ile taa asinunue. Kimeo.

Nitakwenda kumwambia tena kesho.