Seti Iliyopungua

Kiingereza sikukisoma. Nilitoka shule darasa la pili nikaingia chini ya injini, na maneno yangu niliyaokota huko huko pamoja na grisi. Nililolitumia kuliko yote ni seti. Injini ya boti ukiirekebisha ichome mafuta sawasawa, umeiseti. Spana zikijaa sanduku, kila moja na namba yake, ni seti. Bi harusi wa mtaani kwetu Kuze akivikwa mkufu, vipuli na bangili za namna moja, ile ni seti. Mke wangu akirudi kwa shoga yake nywele zimelala, hunambia ameseti.

Jirani yangu alikuwa mwalimu. Siku moja barazani nikamuuliza, "Mwalimu, hawa Waingereza wana uhaba wa maneno? Mbona hili moja wanalitumikisha kama punda?"

Akacheka. "Mzee, kwenye kamusi limejaza kurasa. Hata jua likizama, kwao limeseti. Na simiti ikishika."

"Basi mimi nalijua kuliko kamusi yako. Seti ni kitu kilichotimia. Kikipungua kimoja, si seti tena."

Na hivyo ndivyo nilivyoishi. Liwatoni, kwenye gati la boti za uvuvi, nilikuwa na fundi mwenzangu, tumefanya kazi pamoja tangu ujana. Akaiangusha majini spana yangu namba kumi na tatu. Kesho yake akaniletea nyingine, mpya, ya chapa nyingine. Nikamrudishia.

"Hii si ya seti yangu."

"Kwani nati haifungui?"

"Nimekwambia si ya seti yangu."

"Haya. Kaa na sanduku lako, lije likuzike."

Tangu hapo kila mtu na boti zake. Miaka saba hatukusemezana.

Mke wangu alipofariki, katikati ya miaka ya tisini, mwenzangu huyo alikuja kuzika. Alinipa mkono, nikaushika nikitazama pembeni. Matanga yakaisha, watoto wakarudi kwao, mmoja Maskati, mmoja Nairobi. Nikabaki na saa ya ukutani. Kila asubuhi nilichemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, kikombe cha pili kikapoa, nikakimwaga mtaroni. Mimi nimejijenga mwenyewe, sikuzoea kumuomba mtu kitu, seuze kumuomba aje akae nami.

Alasiri moja nikafungua kabati la vioo nipanguse vumbi. Mlikuwa na seti ya chai ya harusi yetu, vikombe sita vya maua ya waridi, vilivyotoka kwa wageni tu. Nikashika kile cha nyuma kabisa. Waridi zake zilikuwa nyekundu zaidi, na ukingo wake haukuwa na mstari wa dhahabu. Hakikuwa cha seti ile.

Ndipo nikakumbuka. Wageni wakija, mke wangu hushika kikombe chake kwa viganja viwili, juu kabisa, kama mtu mwenye baridi. Mombasa, na jua hili. Kimoja kilimvunjikia, akanunua cha kufanana, na miaka yote akauficha ukingo wake kwa vidole, kwa kuwa alijua nitasema nini. Mke wangu aliniogopa kwa kikombe. Nilikaa chini pale pale mbele ya kabati, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Kesho yake nikaenda Liwatoni. Mwenzangu alikuwa ameinamia injini.

"Ile spana ungali nayo?"

Hakuinua kichwa. "Ipi?"

"Kumi na tatu."

Akafuta mikono polepole. "Ninayo. Imechakaa sasa."

"Ilete nyumbani hivyo hivyo. Kesho, baada ya Alasiri. Unywe na chai."

"Na chai atapika nani?"

"Mimi."

"Basi nitakuja nimeshakunywa kwangu."

Alikuja, na spana mfukoni, imefungwa kitambaa. Nilimmiminia kwenye kikombe chenye mstari wa dhahabu. Kile kisicho nao nilikichukua mimi, nikakishika kwa mkono mmoja, chini, kwenye kishikio.