Miaka Sita ya Kitambulisho

Mwaka huu redio ilisema tena kwamba pesa za wazee zimeongezwa, na mtaalamu mmoja akatueleza sababu: siasa, kura, na watu kupenda vya bure. Nilimtukana nikiwa peke yangu jikoni. Mimi mwenyewe niliwahi kusema hayo hayo kwa kinyozi, siku zile nina lori la kuendesha na mshahara wa kukatwa kodi. Nilisema serikali inalea wavivu. Sasa lori hakuna, naokota vibarua Industrial Area, na dawa za presha za mama zimenishinda.

Ndiyo maana Jumanne tulikwenda kwa chifu, hapa Makadara, ambako wazee waliotimiza miaka sabini walikuwa wakiandikishwa kupokea pesa hizo. Mama ana miaka sabini na mitatu. Tulipanga foleni tangu asubuhi, yeye akiwa amevaa sketi yake ya kanisani. Wazee walikuwa wengi kuliko viti, na karibu kila mmoja alikuwa amesindikizwa na mtoto mzima kama mimi, mwenye aibu kama mimi.

Karani alikuwa msichana mchangamfu. Alikitazama kitambulisho cha mama, akaingiza namba kwenye mashine yake, akacheka.

"Mathe, bado wewe ni msupa, kasichana kabisa! Hapa uko sitini na saba. Rudi baada ya miaka tatu."

Foleni ikacheka. Mama naye akacheka, na hapo ndipo damu iliponichemka. Nilimwambia karani amtazame magoti. Akasema mashine haioni magoti. Nikapiga meza, askari akaja akanitoa nje kwa upole ulioniudhi kuliko kusukumwa.

Nilijua kilichotokea. Mtaani kwetu mama wengi walijipunguzia miaka. Kazi ya kufagia barabara ilipotangazwa, walitaka watu wasiozidi miaka thelathini na mitano, na mama alikuwa ameshapita. Akampelekea mtu wa ofisi ya vitambulisho kuku wawili, naye akampunguzia miaka sita kwenye kitambulisho kipya.

"Sasa ona!" nilimfokea pale pale langoni. "Nani alikutuma udanganye? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole!"

Watu waligeuka. Nimemfokea mama yangu mbele za watu, na sina pa kuificha sauti ile.

Yeye alikirudisha kitambulisho kwenye mkoba, taratibu.

"Ningesema ukweli, nisingeipata kazi ile; na hata ningeipata, wangenistaafisha ukiwa bado sekondari," akasema. "Baba yako alikuwa ameshazikwa. Karo angelipa nani? Hiyo serikali ilikuwa wapi?"

Nilimkumbuka akitoka alfajiri na fagio, mwanamke wa miaka sitini aliyeandikwa hamsini na minne, nami nikivuta blanketi na kudhani mama wote wako hivyo.

Yule mtaalamu na aje aniulize mimi kwa nini gharama inapanda. Mzigo huu haukuzaliwa jana. Ulikuwa mgongoni mwa mama, na kwa kuwa hakulalamika hakuna aliyeuandika kwenye bajeti yoyote. Mgongo sasa umechoka, na mimi niliyesomeshwa ili niupokee sina kazi. Utaenda wapi kama si serikalini?

"Miaka mitatu si mingi," mama aliniambia, akinishika mkono tuvuke Jogoo Road.

Dawa zake zilikuwa zimebaki za siku nne.