Nilivyofungia Migebuka Karatasi za Mpwa Wangu

Nimekosa mimi. Nalisema mapema ili msinitukane katikati ya habari. Ila sikukosa peke yangu, na jina langu nikilificha, la Shaabani silifichi!

Nina duka la steshenari hapa Rusimbi. Shule niliiacha mapema, kompyuta najua kuiwasha na kuizima tu. Aliyeleta akili dukani ni mpwa wangu Dativa, binti wa dada yangu aliyeolewa Kalinzi. Alichukua mashine moja kubwa akaifanya ibebe kompyuta nne tumboni, za wateja kuandikia na kuchapia, kila moja ikidhani iko peke yake duniani. Katikati akaweka programu ya kuzigawia nguvu, kama mama anayepakua ugali watoto wasipigane. Programu hiyo aliiandika mwenyewe!

Kazi ile haiendi kwa kubahatisha, jamani. Alikuwa na lundo la karatasi alizochapa, Kiingereza kitupu, zinazoeleza ndani kabisa ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta: hapa panashika nini, ukipagusa vibaya kinatokea nini. Pembeni aliandika kwa kalamu nyekundu mambo aliyoyagundua mwenyewe.

"Mjomba, hizi ndizo macho yangu. Usiziguse."

"Nani aguse? Hata picha hazina!"

Akapanda Kalinzi kumsaidia mama yake kuvuna kahawa. Ndipo akaja Shaabani, anayekaanga samaki wa ziwani, migebuka, kibarazani pangu, kaishiwa magazeti ya kuwafungia.

"Kaka, hivi vyote nani anasoma? Fundi wa kweli hafungui kitabu, bwana! Lete, na mgebuka wako utakuwepo."

Mjinga mimi! Nikampa kidogo kidogo, nikichomoa chini ya lundo ili isionekane. Mgebuka nikala. Rusimbi nzima ikala samaki juu ya elimu ya mpwa wangu.

Dativa akarudi. Kampuni moja ya Dar ilitaka kuitazama mashine yake kwa njia ya simu, wakiridhika, wanamwajiri. Asubuhi hiyohiyo umeme ukakatika, ukarudi, skrini zote nyeusi! Ikabaki moja tu yenye mstari wa namba.

"Hamna shida," akasema. "Namba hii najua imeelezwa wapi."

Akapekua. Akapekua tena. Akanigeukia.

"Mjomba, kurasa za chini?"

"Panya, mwanangu."

"Panya wanaochomoa bila kung'ata?"

Nikakiri. Tukakimbilia jalala la nyuma ya duka. Shaabani naye akapekua, huku anacheka, mshenzi yule! "Hii ina mkia, siyo yenyewe?"

Karatasi yenyewe tuliipata, imelowa mawese. Maneno ya chapa yalisomeka, na hayo angeyapata hata kwenye simu yake. Lakini kalamu nyekundu ndani ya mafuta mekundu? Imekwenda! Na yale mekundu hayakuwa popote pengine duniani. Akaiinua juani, akasoma kilichobaki, mengine akaanza kuyatafuta upya kwa kujaribu na kukosea, mikono inanuka samaki.

Mashine iliamka. Watu wa Dar walikuwa wameshakata simu zamani. Kazi wakampa mwingine.

Hakunitukana. Bora angenitukana! Alifungasha mashine yake, akaipeleka kwa mama mmoja mwenye duka Ujiji, na wateja wangu wakaifuata hukohuko. Siku hizi ananipa shikamoo tu, basi, anapita. Aliyenitukana ni dada yangu: "Umeila ajira ya mwanangu, tena kwa ndimu!"

Ndugu zangu, karatasi ya mtu usipoielewa, usiseme haina maana. Sema hujui kuisoma, upite zako. Kuna mtu usiku na mchana ameyaandika yale ili mwenzake asianze na giza. Samaki wafungeni kwa majani ya mgomba.

Na wewe Shaabani, najua utasomewa haya hapohapo kibarazani pangu. Usijifanye husikii. Tafuta kibaraza kingine, na chumvi upunguze!