Mkono Mmoja Mkutanoni

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa mnada, asubuhi ya baridi, ukungu wa Mlima Oldeani haujainuka. Nilikuwa darasa la sita, nimekaa kwenye majani na mama na bibi mzaa baba. Mwenyekiti wa kijiji alisoma amri kutoka wilayani: kaya zote za mlimani zihamie kando ya barabara kabla ya mvua. Akakunja karatasi, akauliza, "Kuna anayepinga?"

Baba akanyoosha mkono. Peke yake.

"Ndugu, unapinga maendeleo?"

"Sipingi maendeleo. Umeuliza, nami nimejibu. Mama yangu ni mgonjwa wa kifua, hawezi kulala kibandani huko barabarani. Na mahindi yangu bado mabichi."

Hakuna aliyemuunga mkono. Mwenyekiti akatangaza kuwa mkutano umekubali kwa kauli moja.

Wiki ile ile mgambo sita walipanda kwetu na mashoka. Aliyewaongoza alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja.

"Kaka, nisipobomoa mimi, watakuja wengine na kiberiti."

"Na wewe umechagua kuja?"

"Nina watoto, kaka."

Baba aliingia ndani, akambeba bibi mgongoni, akamtoa nje, akamkalisha juu ya gunia la maharage. Kisha akapanda paani mwenyewe, akaanza kung'oa nyasi. Baba mdogo alipomsogelea kupokea boriti, baba alisema, "Acha. Nyumba hii niliijenga mimi." Bibi alikuwa anawatazama wanawe wawili, akiwaita kwa Kiiraqw, kwa majina yao ya utotoni.

Mahindi yaliliwa na nguruwe pori, kwa kuwa hapakuwa na wa kulinda. Mvua ilitukuta kando ya barabara, kwenye kibanda ambacho hakijakandikwa, na bibi akafa kwa kukohoa. Baba mdogo alikuja kuchimba kaburi. Baba hakumfukuza, lakini hakumpa mkono.

Miaka mingi nilimlaumu baba. Niliamini kwamba angenyamaza tungeachwa hadi mavuno. Siku moja nilimwambia hivyo. Akanikumbusha jirani yetu, aliyekaa kimya mkutanoni: nyumba yake ilibomolewa siku nne baada ya yetu, na mahindi yake yakiwa bado mabichi vilevile.

Baba mdogo aliacha umgambo, akahamia Mbulu na watoto wake. Yeye na baba hawakuonana tena.