Migomba, Sifuri

Mwaka ule chuo kilinipa nafasi moja ya mwisho: niandike upya karatasi ya uchumi niliyofeli, au nirudi nyumbani Kisondela moja kwa moja. Swali lilikuwa fupi na baridi. Mkulima mdogo agawe vipi ardhi yake ili apate faida kubwa kuliko zote? Nikachukua shamba la nyumbani. Sikuwa na lingine.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa majani ya chai walipishana barabarani, na kaka yangu, aliyerithi ardhi baada ya baba kufa, aliwatazama kama mtu aliyeachwa na basi. Mama alitaka migomba iliyozunguka nyumba ibaki, isikatwe kupisha chai. Yeye na kaka walikuwa wameacha kusalimiana.

"Kwa mwezi unakata mikungu mingapi?" nilimuuliza mama, kalamu mkononi.

"Ya kula, ya kuuza, au ya watu?"

"Ya watu ndiyo ipi?"

"Ya misiba. Kwani wewe umekulia wapi?"

Nilijua. Kwetu mtu akifa waombolezaji hulala pale siku nyingi, na kila nyumba hupeleka ndizi. Lakini kifo hakina ratiba, nami sikujua nikiingizeje katika milinganyo yangu. Nikakiacha nje. Mvua ilipiga bati siku tatu, nikajaza kurasa kumi na moja, na jibu likatoka jeupe kama mfupa: chai, shamba zima. Migomba, sifuri.

Kaka aliikuta karatasi mezani, akaisoma kwa sauti.

"Mama, msikie msomi wako! Si mimi ninayesema."

"Kalkuleta yake imewahi kuzika mtu?"

"Muulize mwenyewe."

Wakanigeukia wote wawili. Ningeweza kusema kuna kitu nimekiacha. Lakini kusema hivyo kulikuwa kurasa kumi na moja za kuanza upya, na chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya wiki mbili.

"Hesabu ndivyo inavyosema," nikasema.

"Ndaga fijo," mama akajibu, asante sana ya Kinyakyusa, kwa sauti ya mtu anayetema.

Kesho yake kaka aliingia na panga. Mgomba hauna kishindo ukianguka. Unalala tu, ukivuja maji. Mikungu iliyokomaa aliiuza siku hiyohiyo, michanga akawapa nguruwe. Kufikia jioni nyumba ilikuwa uchi. Kwa mara ya kwanza maishani niliiona barabara kutoka dirishani kwetu, na barabara ikatuona.

Siku ya sita jirani wa bondeni alifariki. Wanawake walipita mbele yetu, kila mmoja na mkungu kichwani. Mama alijifunga kitenge, akaichukua karatasi yangu, akaikunja mara mbili, akanisukumia kifuani.

"Twende. Utabeba wewe."

"Mama, hii ni ya chuo."

"Wakiuliza tumeleta nini, wape hiyo waipike."

Kaka alisimama mlangoni akichunguza kucha zake.

Tulishuka bondeni, mimi mbele. Pale msibani, mwanamke mmoja aliyekuwa akipokea ndizi alininyooshea mikono yote miwili, kama alivyowanyooshea wengine. Niliisubiri sauti ya mama iniokoe. Alikuwa nyuma yangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, akisubiri vilevile.