Walitaka kumfukuza mrina asali msituni, nikawaambia wakaangalie masizi

Wakuu, kamwene.

Hii sikuisikia kwa jirani. Nilikuwepo mwenyewe, na sitaongeza chumvi.

Mimi ni wa Uyole, form four, miaka arobaini na kitu. Nimepakia viazi, nimepanda paina Mafinga, nimeuza mitumba Tunduma. Sijawahi kukaa mahali mpaka parachichi nililopanda likazaa.

Kiangazi kile nilidandia fuso la viazi pale Uyole. Igawa tukapasua tairi, Makambako tukalala, Iringa nikapokelewa na baridi ya kilimani. Kesho yake ni vumbi tupu mpaka Idodi, nikafika nina rangi ya tofali. Safari ile naikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizoishi.

Kazi ilikuwa kubeba vifaa vya timu ya utafiti wa moto wa misituni. Wanapima nyasi kavu, upepo, miti iliyokufa na iliyochipua tena. Kiongozi wao tulimwita Dokta, mama mkali lakini anafundisha vizuri.

Alitufundisha kusoma masizi. Moto unaosukumwa na upepo ukipita kwenye mti, miali hupanda juu zaidi upande wa nyuma, kule moto unakoelekea. Kwa hiyo masizi yakiwa marefu upande wa mashariki, jua moto ulitokea magharibi.

Sasa, msitu wa kijiji tulichokuwa tunafanyia kazi ulikuwa umeungua vibaya, na wenyeji walishampata mkosaji: Baba Tumaini, mrina asali. Ushahidi? Yeye ndiye anayeingia msituni na moto wa kufukizia nyuki. Basi.

Mkutano ukaitishwa ili mizinga yake itolewe na yeye asikanyage tena msituni. Jamaa hana shamba. Mizinga ndiyo shamba lake.

Na sisi tulishapima pale. Eneo ni tambarare, na mti baada ya mti masizi marefu yalikuwa mashariki, upande wa mizinga. Moto ulitokea magharibi, kwenye mashamba.

Nikamfuata Dokta. Akasema, "Sisi tumekuja kuupima moto, kaka. Hatukuja kumtafuta mchomaji."

Namwelewa. Kijiji kikikasirika, utafiti umekufa. Lakini mkutanoni nilikwenda.

(Kabla hamjauliza: asali yake sijawahi hata kuionja.)

Nilipoeleza habari ya masizi, mwenyekiti akaniuliza, "Mgeni wetu wa Mbeya, miti imeanza kukusimulia lini?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikawaambia, "Sijui nani aliwasha. Ninachojua moto umetoka mashambani. Twendeni mkaone, si mbali."

Kicheko kikakatika. Upande ule karibu kila aliyekaa pale ana shamba, na wote huchoma mabua kabla ya mvua.

Mama mmoja akajifunga kitenge vizuri, akasema yeye anakwenda. Nusu ya mkutano wakamfuata. Wakazunguka mti huu, mti ule, wanagusa, wanatazamana. Hakuna aliyeomba radhi. Mwenyekiti alisema tu ajenda imefungwa.

Mizinga ikabaki.

Asubuhi Dokta akapewa ujumbe: timu inakaribishwa, yule wa Mbeya hapana. Nikafunga begi.

Baba Tumaini akanikuta barabarani nangoja gari. Nikajua anakuja kushukuru. Akasema, "Wewe unaondoka, mdogo wangu. Mimi nabaki nao."

Nikamjibu, "Baki nao, kaka. Ila baki na mizinga yako."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. Gari likaja, nikapanda. Sijarudi tena.

Nilichojifunza: kijiji kikimbebesha moto mtu mmoja, mwakani kitaungua tena, maana wengine wote wameshajisamehe.

Mnaoona ningenyamaza nilinde kibarua, semeni hapa chini, nitawasoma wote. Ila mkutano ule ukiitishwa leo, nanyoosha mkono tena.